Mkono wa Biasha

Watu wa Galu wakimtaja Biasha husema alikuwa mwanamke mwenye mkosi. Huwa nawaambia wafunge midomo yao. Wao walimwona akipita tu na ndoo kichwani. Mimi nilikaa naye kwenye moshi wa banda moja msimu mzima wa mvua, nikala naye, nikagombana naye, nikalia naye. Mkosi, wanasema, kana kwamba mkosi ni baka, mtu anazaliwa nalo. Ngojeni niwaeleze, halafu mseme mkosi mkipenda.

Biasha kwao ni Vanga, huko mwisho kabisa nyuma ya mikoko, ambako lori likizama kwenye tope hukaa mpaka jua lipende lenyewe kulitoa. Aliolewa kwao akiwa mwali. Mume yule wa kwanza alikohoa mwaka mzima, akatema damu, akafa, na Biasha akabaki mjane hata hajazaa. Ndipo Tsuma akatokea. Tsuma alikuwa mkwezi wa minazi, mtu wa Galu, na alikuwa amekwenda Vanga kuangua nazi za tajiri mmoja. Akamkuta Biasha chini anafua nazi kwenye kifuo, anazichomeka na kuzizungusha upesi mno, na yeye huko juu mnazini akawa haangui tena, anatazama tu, mpaka mwenye shamba akamwuliza kama ameshikwa na kizunguzungu. Hayo alinisimulia Tsuma mwenyewe.

Hakuwa na ubaya na mtu, huyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, nyayo ngumu, na neno lake kubwa lilikuwa "haya". Ukimwita kuangua, haya. Ukimtuma, haya. Mjomba wake akisema jambo, haya mara mbili. Mjomba mwenyewe ni Mzee Garama, aliyekaa huko juu vilimani, nyuma ya msitu wa Shimba, mwendo wa kutwa kwa miguu kutoka pwani. Enzi hizo, kwetu Wadigo, mjomba alikuwa na neno kuliko baba. Msikitini tulifundishwa vingine, na vichwa tulitikisa, lakini nyumbani mtoto alikuwa wa mjomba wake. Garama ndiye aliyemlea Tsuma alipofiwa na wazazi, na ndiye aliyemtolea mahari. Hakupenda mpwa wake amwoe mjane wa mtu aliyekufa akikohoa. Alilisema hilo mara moja tu, kwa upole, kisha akatoa mahari. Garama hakuwa mtu mbaya. Nataka mlijue tangu mwanzo, maana mimi mwenyewe kulikubali kumenichukua miaka.

Wakakaa Galu, wakapata watoto wawili wa kike. Kisha, zile siku ambazo bara kulikuwa na vita vya Mau Mau na sisi huku tukivisikia kwa wapita njia, Tsuma akaanza kukohoa. Akaendelea kupanda minazi akikohoa. Siku moja akashindwa kushuka, ikabidi wenzake wampandie wamteremshe kwa kamba. Biasha akafunga mlango, akawaacha watoto kwa jirani, akampeleka hospitali.

Huko ndiko nilikowakuta. Nilikuwa nimempeleka mama yangu, Bibi Mbeyu, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja, kifua kikuu. Sindano yao pia ilikuwa moja, ile mpya iliyokuwa imeingia siku hizo na kila mtu akiisifu. Mama wodi ya wanawake, Tsuma wodi ya wanaume, na sisi wauguzaji nyuma, kwenye banda la kupikia, kila mtu na mafiga yake. Hospitali ilitoa uji asubuhi, na mchana sima na maharage, ndicho ilichokuwa nacho. Mgonjwa aliyekuwa na mtu wa kumpikia alipata na kingine. Asiye na mtu alikula maharage na kushukuru.

Dresa wa wodi zote mbili, mtu wa sindano na bandeji, alikuwa kijana wa Kirabai akiitwa Fondo, mwenye mikono mikubwa na sindano nyepesi. Alitukusanya siku ya kwanza akatuambia wazi. "Sindano inaua vidudu, mama zangu, lakini haimjengi mtu nyama. Nyama mtaijenga nyinyi. Samaki, mayai, maziwa mkiyapata. Na dawa isikatwe katikati hata mgonjwa akiwa anacheza ngoma. Ikikatwa, ugonjwa unarudi, na ukirudi una hasira."

Biasha alimshika neno. Kila maji yalipokupwa na wavuvi wakitega juya, alishuka ufukweni kuwasaidia kuvuta kamba, na mwisho wa kuvuta hakosi mtu samaki wake wa mkononi. Alirudi miguu imejaa mchanga, na changu wawili watatu kwenye ukindu. Aliwapika mchuzi mwepesi, akatia embe bichi na ndimu kama wafanyavyo kwao Vanga, akamlisha mumewe kwa mkono wake mwenyewe, tonge kwa tonge, akimpangusa ndevu. Mimi nilikuwa nikimchokoza. Ukoo wangu na ukoo wa Tsuma ni watani, na mtani hana adabu hata penye ugonjwa. Nikamwambia, "Biasha, huyu ni mkwezi au kifaranga?" Naye hunijibu, "Kifaranga changu, da Chiku. Wewe tafuta chako." Tsuma akacheka, akakohoa, akameza.

Tsuma akaanza kupona. Sisemi kwa kusikia, niliyaona kwa macho. Mashavu yalijaa, homa ya jioni ikapungua, akawa anatoka mwenyewe kuota jua.

Ndipo wakaja Mzee Garama na Mwanapili. Mwanapili ni dadake Tsuma, tumbo moja, mwanamke mnene wa moyo, wa kulia upesi na kucheka upesi, na mgongoni alikuwa na kitoto chake cha kike kimelala. Walikuwa wametembea kutwa. Biasha akawakaribisha, akawapa maji, akapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Twashukuru kwa kazi yako." Garama akanywa maji yote kwanza. "Nimekwenda kumwuliza mganga wa mburuga. Sikukuambia, maana mwenye mgonjwa haambiwi. Nimetaka kujua ugonjwa huu umetokea wapi."

Mburuga, kwa asiyeijua, ndiyo njia yetu ya kuuliza chanzo. Mganga hakujui, humwambii neno, yeye ndiye hukuambia. Huyo aliwaambia kwamba mgonjwa yuko kando ya maji, kwamba anakohoa, na kwamba mkono unaomlisha ulishamlisha mtu mwingine naye akafa.

Biasha alikuwa ameshika mwiko wa kusongea. Aliuweka chini.

"Hatukugombezi, wifi," akasema Mwanapili, na machozi yameshamtoka. "Wallahi hatukugombezi. Huenda hata wewe hujui. Twakuomba tu. Ametiwa sharti, ale kilichopikwa na mkono wa watu wa mama yake, basi, mpaka apone."

"Na cha hospitali je?" niliuliza mimi, maana kunyamaza sijui.

Garama akafikiri. Alikuwa mzee wa kupima jambo. "Cha hospitali ni dawa," akasema. "Dawa haina mkono wa mtu."

Biasha alisema, "Nimesikia, mjomba." Hakulia mbele yao. Alimwaga mchuzi uliokuwa jikoni, akamwaga wote, na mimi nikauma ulimi nisije nikamtukana mzee wa watu.

Fondo alipopata habari alijaribu kueleza. Alisema mume wa kwanza alikufa kwa kifua hikihiki, huenda ugonjwa Biasha aliubeba bila kujua au Tsuma aliupata kwingine, lakini hauingii kwa mchuzi. Garama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Nilimwona usoni. Alikuwa amesikia jambo moja tu, kwamba Biasha aliubeba.

Mwanapili akabaki akimpikia kaka yake, naye alipika vizuri, simnyimi sifa yake. Lakini huko vilimani mahindi yalikuwa yamebeba, na nyani hawangoji mgonjwa apone. Akarudi. Ikawa anapika kwake, anatia kwenye chungu, anafunga kwa jani la mgomba, anatembea kutwa na mtoto mgongoni na chungu kichwani. Akifika, kunde zimechacha. Tsuma alizila kwa kumwonea huruma, kisha dadake akiondoka alitapika nyuma ya wodi. Halafu zikapita siku nyingi pasipo mtu wa kuja.

Nikampelekea changu. Akatikisa kichwa. "Da Chiku, wewe si wa mama yangu." Nikamwambia na njaa pia si ya mama yako. Hakucheka.

Mama yangu wodi ya pili alikuwa akinenepa. Naona haya kusema, lakini nilikuwa nikipita na bakuli la mama mbele ya dirisha la Tsuma huku nimeliinamishia kanga asilione. Sindano moja, dresa mmoja, dari moja la bati. Huyu anarudi duniani, yule anayeyuka. Na mama alikuwa mzee, amekwisha kula miaka yake, na Tsuma hata mvi hana. Daktari, mzungu mmoja mrefu asiyejua kuketi, alimpima Tsuma kifua, akamtazama Fondo, akauliza kwa nini mtu huyu anakataa kupona. Fondo akasema hali. Daktari akasema basi ale. Na Biasha amekaa bandani mchana mzima, mafiga yake baridi, mikono magotini haina kazi.

Siku moja nikamwambia, "Mjomba kasema cha hospitali ni dawa. Basi nasi tutengeneze dawa."

Akasimama, akaenda ufukweni.

Fondo alikataa mwanzo. Alisema yeye ni mtu wa serikali, hawezi kuingilia mambo ya ukoo wa watu. Nilimpasha. Nikamwuliza anaweza kuingilia jeneza? Akakubali. Kuanzia hapo Biasha akapika, na Fondo akabeba mchuzi kwenye kikombe cha bati cha hospitali, kile cheupe chenye mdomo wa buluu, pamoja na vidonge na sindano yake, akamwambia Tsuma hii ni dawa ya nguvu, inywe moto. Samaki tulimtoa miiba yote, tukamponda. Tukatia na mayai.

Tsuma alikunywa. Alikunywa kile kikombe akakilamba.

Mvua za masika zikamalizika, naye akawa ananyanyuka. Uso ukarudi kuwa uso. Aliweza kutembea mpaka kwenye benchi la nje bila kushika ukuta. Siku moja nilipita, akaniita, macho yanacheka. "Da Chiku, mwambie anayetengeneza ile dawa apunguze pilipili. Dresa anaibeba huku anapiga chafya."

Kumbe alijua. Alijua tangu kikombe cha kwanza. Ndimu ile na embe lile, angekosaje kuijua? Nilikwenda bandani mbio kumwambia Biasha, na yeye akaketi chini akajifunika uso kwa kanga, akalia na kucheka pamoja. Hiyo ndiyo siku njema niliyomwona nayo. Sikumwona na nyingine.

Maana baada ya hapo walikuja tena, Garama na Mwanapili. Mwanapili alimwona kaka yake benchini, akaangusha mzigo, akamkumbatia, akamshika mashavu, akampapasa mbavu. Alikuwa analia kwa furaha. "Mjomba, tazama. Tazama alivyonawiri. Tangu atoke kwenye mkono ule."

Mnasikia neno hilo? Tangu atoke kwenye mkono ule. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na kikombe cha Biasha mkononi, namrudishia akaoshe, na kikombe bado kina harufu ya ndimu.

Garama alisema alhamdulillahi, akasema sharti limefanya kazi, sasa wataondoka naye. Huko nyumbani atakula cha kwao asubuhi na jioni, si kile kidogo cha hospitali, na ataimalizia afya yake mikononi mwa watu wake. Fondo alikuja, akasema mzee wangu, sindano hazijaisha, bado miezi. Akarudia yale ya dawa kukatwa katikati. Alisihi, kijana wa watu, mpaka sauti ikamkauka. Garama akamshika mkono kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Mmefanya kazi nzuri. Lakini kilichomponya tunakijua."

Mimi nikaona hapana. Nikasema mbele yao wote, wazi, "Kilichomponya ni mchuzi wa Biasha. Anampikia kila siku, na huyu dresa ndiye mbebaji."

Mwanapili alimgeukia kaka yake. Fondo alitazama viatu vyake. Na Tsuma, Tsuma wa haya haya, ambaye kwa neno moja angebaki hospitalini, akacheka. "Mnamsikiliza huyu? Huyu ni mtani. Hata maiti humtania."

Wakacheka. Walishusha pumzi wakacheka, na Mwanapili akanipiga kofi la begani. Ningeapa kwa Mungu wangecheka zaidi. Kwetu neno la mtani halibebwi, linachekwa na kupita, ndivyo tulivyolelewa. Sijawahi kuuchukia utani ila siku ile.

Nilimfuata Tsuma wodini alipokwenda kukusanya nguo zake. Nilikuwa nimewaka. Nikamwuliza ana kichaa? Anajua anakokwenda? Dresa hakusema mbele yake?

Alikuwa anakunja shuka, polepole, anapanga pembe kwa pembe. "Chiku, tuseme nimebaki. Nimewaambia ni kweli, nala cha Biasha kila siku. Utanihakikishia sitakufa?"

"Ukila hufi."

"Watu wanakula na wanakufa. Yule wa kitanda cha dirishani alikuwa na mama na dada na mayai, jana wamemtoa. Nikifa mimi baada ya kusema hayo, watasema nini? Watasema waume wawili. Mwanamke mmoja, waume wawili, na sharti alilivunja kwa siri. Atakwenda wapi? Vanga hawamtaki, walishamkimbia. Galu minazi ni ya mjomba na nyumba iko chini ya minazi. Na wanangu watakuwa watoto wa mchawi." Akaweka shuka juu ya kitanda. "Lakini nikifia kwa mjomba, kwa mkono wa dada yangu, hakuna wa kumnyooshea Biasha kidole. Watamwonea huruma. Watamwacha akae."

"Na ukipona?" nikasema.

"Nikipona nitarudi nile chake mpaka sufuria." Akatabasamu. "Haya, da Chiku. Niombee."

Nimeligeuza lile neno usiku na mchana, na kila nikilishika upande huu linanikata upande ule. Kama angekuwa mjinga ningemsamehe upesi. Hakuwa mjinga.

Biasha alisimama nyuma ya banda akiwatazama wakipanda njia. Hakuruhusiwa kumsindikiza. Tsuma alitembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwenye kona, na huko akageuka, hakupunga mkono, akageuka tu na kuendelea.

Tulikaa na mama mpaka sindano zikaisha. Mama alirudi nyumbani akalima, akaniona nikiolewa mara ya pili, akanitukania mume. Biasha alirudi Galu kwa wanawe. Nilikuwa nikimtembelea. Habari za vilimani zililetwa na wauza mkaa, na mwanzo zilikuwa nzuri: Tsuma anakaa nje, Tsuma amechonga mwiko wa nazi. Kisha kikohozi kimerudi. Kisha amelala ndani, anafukiziwa, chumba kimefungwa upepo usimpige, na Mwanapili analala chini, kando ya kitanda chake, na kitoto chake. Chakula kilikuwa muhogo na mtsunga, mboga chungu ya porini, maana nyani walikuwa wamekula mahindi. Fondo alituma maneno mara mbili, arudishwe. Biasha mwenyewe alipanda mpaka kwenye mpaka wa shamba la Garama, na samaki mkavu kwenye kikapu. Walimpokea kwa heshima, wakampa maji, wakamketisha chini ya upenu wa nyumba ya mbali, na kikapu wakakirudisha naye. Tsuma alimsikia sauti. Biasha aliambiwa baadaye kwamba mumewe alilia.

Alikufa kabla ya mvua za vuli.

Nilikwenda mazikoni, nikaongozana na Biasha. Njia nzima alitembea mbele yangu kwa mwendo uleule, na mimi na mdomo wangu wote nilimfuata kimya. Nilichoogopa ni watakavyompokea.

Walimpokea kama mtoto wao. Mwanapili alimkimbilia njiani, wakaanguka wote wawili chini. Alimwingiza ndani, akamvua kanga ya safari, akamtandikia mkeka mahali pa mjane, akasema eda atakaa hapahapa, kwao, na yeye Mwanapili ndiye atakayemtumikia. Garama alisimama mlangoni, amezeeka ghafla. "Mwanangu," akamwambia Biasha, "wewe huna lawama. Amekufia mikononi mwetu. Nyumba ya Galu ni yako na watoto." Nikamkumbuka Tsuma na shuka yake, na nikasema moyoni, bwana wee, umelipata ulilolinunua. Nilimkasirikia na kumlilia kwa pamoja.

Siku ya hitima wakachinja mbuzi. Sisi wanawake tulikuwa kwenye chumba kile alichofia Tsuma, na Mwanapili akaleta sinia ya wali, akaiweka mbele ya Biasha, akaketi naye wale pamoja. "Kula, wifi. Umekonda." Akamchambulia nyama, akamwekea upande wake. Biasha alikula. Kile kitoto cha kike cha Mwanapili kilikuwa kimekwisha kujua kutembea, kikaja kikajitupa mapajani kwa Biasha, naye akakifinyangia tonge dogo, akakitia mdomoni. Kilikuwa chepesi, shingo nyembamba. Kikatafuna, kikakohoa. Kikakohoa tena, kile kikohozi kikavu cha ndani, na mimi na Biasha tukatazamana, maana sisi tulikuwa tumelala na kikohozi kile msimu mzima.

"Kimeanza lini?" akauliza Biasha.

"Wiki nyingi sasa," akasema Mwanapili. "Na jioni anapata joto. Lakini huyu simchelewi kama kaka. Kosa letu tulimwacha kaka hospitalini muda mrefu, tulichelewa kumtoa. Huyu simpeleki kabisa. Nimeshamwambia mjomba aulize mburuga."

Biasha aliacha kula. Niliona mkono wake umesimama juu ya sinia. Alikuwa na nyumba, alikuwa na jina lake safi, alikuwa na wifi anayemchambulia nyama. Nilimtazama ili anione, nimtikisie kichwa, anyamaze. Hakunitazama.

"Wifi," akasema, "kaka yako alinenepa kwa mkono wangu. Nilikuwa nikimpikia samaki kila siku, dresa akimpelekea kwenye kikombe cha hospitali. Na sindano. Alikuwa anapona. Alipoondoka akakosa vyote viwili. Ugonjwa wake ndio huu wa mtoto. Mpeleke kesho. Nakuomba, mpeleke, mimi nitakuja kumpikia."

Wanawake wote waliacha kutafuna.

"Ni kweli," nikasema. "Yote ni kweli."

Mwanapili hakunisikia. Alikuwa anamtazama Biasha, na uso wake ulibadilika polepole, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyetafuta jibu miezi mingi na sasa amelipata.

"Ulimlisha," akasema. "Tulikuomba, na ulimlisha kwa siri."

Kisha akamnyakua mtoto mapajani mwa Biasha, akamkunja shingo, akamtia vidole mdomoni mpaka ndani, mtoto akalia na kukohoa, na yeye akazidi kuchokoa mpaka akalitoa lile tonge la wali, lote, akalipangusia mkekani.